Siku Solomiya Alipoteremsha Picha Zake

Wageni walikuwa wanatarajiwa baada ya Magharibi. Alasiri Solomiya alipanda ngazi ndani ya ukumbi wa maonyesho kule Al Khuwair, mjini Maskat, akaanza kuteremsha picha zake mwenyewe, moja baada ya moja.

Talal, mwenye ukumbi, alimjia mbio. "Dada Solomiya, unafanya nini?"

"Nnashusha."

"Kwa nini, jamani?"

"Nenda kasome pale mlangoni. Umeandika mimi mchoraji wa Kirusi. Jana nilikwambia ufute, ukasema inshallah."

Talal alipangusa kipaji cha uso. Hakuwa mtu mbaya. Kwao ni Tabora, amekulia Maskat, na picha hizi alizipenda kabla ya mtu mwingine yeyote kuzitazama. "Watu wa hapa wanaijua Urusi," alisema. "Nikiandika Ukraine watasema naleta siasa."

"Baba yangu alikaa juu ya paa la nyumba yake na mbwa, maji yamemzunguka. Hiyo si siasa, Talal. Ni paa."

"Ni neno moja tu, dada."

"Kama ni neno moja tu, mbona limekushinda kulifuta? Unataka nisimame hapa watu wanipe hongera kwa jina la wale wanaompiga baba yangu mabomu?"

Solomiya akaendelea na kazi yake.

Alizaliwa Kherson, mji ulio kando ya mto Dnipro, kusini mwa Ukraine. Baba yake, mzee Petro, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha meli. Mama alifariki Solomiya angali mdogo, na mzee akamlea peke yake. Msichana alipotaka kusomea uchoraji, majirani walicheka. Mzee akamnunulia rangi. Solomiya akaenda chuo Odesa, na huko akakutana na Yaqoob, kijana wa Kiomani aliyekuwa akisomea udaktari. Walioana, wakaja Maskat, wakakaa kwa wazazi wa Yaqoob huko Al Khoudh.

Nyumbani mle Kiarabu kilizungumzwa na wageni na mafundi. Watu wa nyumba wenyewe, waliotoka Unguja, walizungumza Kiswahili, basi Solomiya akajifunza Kiswahili kwanza. Mwalimu wake alikuwa mama mkwe, Bi Nadra, jikoni, kati ya nazi na hiliki. "Huyu mkamwana wangu mweupe kama chaki," Bi Nadra aliwaambia mashoga zake, "lakini msikie nyuma ya pazia, utasema kazaliwa Malindi ya Unguja."

Kazi aliipata kwenye mahoteli. Walitaka ngome, walitaka ngamia, walitaka jua likizama nyuma ya majabali. Solomiya alizichora ngome hizo mpaka akawa anaweza kufanya hivyo huku anazungumza na simu. Hoteli hazikutaka jina la mchoraji pembeni, naye hakulalamika.

Kisha vita vikaingia Kherson. Solomiya alimpigia baba yake kila siku amsihi aondoke.

"Niende wapi?" mzee alimjibu. "Nije huko nichore ngamia na wewe?"

Hakuondoka majeshi ya Urusi yalipouteka mji, wala hakuondoka yalipofukuzwa, yakavuka mto na kuanza kupiga mabomu kutoka ng'ambo. Mwaka uliofuata bwawa kubwa lililokuwa juu ya mto likavunjwa, na maji yakashuka. Nyumba ya mzee ilikuwa bondeni. Picha zote alizochora Solomiya ujanani zilikuwa chumba cha chini. Ziliondoka na maji. Mzee alipanda juu ya paa na mbwa wa jirani, akakaa huko hadi watu wa mashua ya mpira walipomfikia. Maji yalipokupwa alirudi kwake. Akamtumia bintiye picha ya ukuta wa sebule wenye mstari wa matope, usawa wa bega.

Siku ile Solomiya aliacha ngamia. Meneja wa hoteli alipopiga simu kuulizia kazi yake, alimwambia atafute mtu mwingine. Akajifungia katika stoo ya uani, akachora maji ya rangi ya chai ya maziwa, viti vilivyokwama juu ya miti, ukuta na mstari wake.

Yaqoob aliingiwa na khofu. "Mke wangu, pumzika japo kidogo."

"Nikipumzika mimi, nani atachora?"

Picha hizo ndizo alizokuwa akiziteremsha sasa. Wifi yake, Nouf, alikuja na pikapu, wakazipakia na kuzifunika mablanketi. Njiani Solomiya aligeuka kuyatazama mablanketi.

"Nimeharibu, wifi. Hakuna ukumbi utakaonichukua tena."

"Umeharibu nini? Umechukua vyako."

Nyumbani Bi Nadra alisikiliza mambo yote bila kukatiza. Alipoondoka Unguja alikuwa msichana. "Kule tuliambiwa sisi Waarabu, turudi kwetu," alisema. "Tukaja hapa, nikifungua mdomo tu sokoni, naambiwa mie Mswahili, nirudi kwetu. Miaka yote hiyo watu wananichagulia mie mtu wa wapi. Mwanangu, ziingize picha. Watu watakuja kwangu."

Kukazuka ugomvi. Picha kubwa kupita zote ilikuwa ya mzee Petro juu ya paa, uso wake umetazama mbele. Bi Nadra hakuwahi kutundika sura ya mtu ndani ya nyumba yake. "Huyu hakai sebuleni. Malaika hawaingii."

"Basi na nyingine hazikai, mama."

"Unanishurutisha kwangu?"

"Nnakushurutisha."

Walitazamana, mama mkwe na mkamwana, na wala hakuna aliyeinamisha macho. Mwishowe Bi Nadra akasema, "Nje barazani si ndani." Wakamtundika mzee barazani, juu ya mahali pa kuvulia viatu.

Ijumaa iliyofuata baada ya Alasiri walikuja wengi kuliko walivyotegemea: mashoga wa Bi Nadra, madaktari wenzake Yaqoob, wahadhiri wa chuo kikuu cha jirani. Kila mmoja aliinama kuvua viatu, akiinuka anaonana na mzee Petro uso kwa uso. "Nani huyu?" waliuliza. Solomiya alisimama pale pale mlangoni akawajibu: "Baba yangu. Kherson, Ukraine." Alilisema hilo mpaka sauti ikamkauka. Tajiri mmoja alitaka kumnunua mzee, ila maji yabadilishwe yawe ya buluu, yapendeze. Solomiya alikataa. Talal hakuja.

Mahoteli hayakumwita tena. Sasa anafundisha wanawake kuchora, katika ile ile stoo ya uani, na kila picha yake ina jina lake pembeni, kwa herufi za kwao, kubwa. Kuna siku kazi hamna, na siku hizo hukasirika na kuchora zaidi.

Mzee Petro yungali Kherson. Majira ya kuchipua alipanda matikiti kwenye udongo ulioachwa na mafuriko. Watu wa serikali walimwambia udongo ule una sumu, hayataliwa.

"Nani kasema nnataka kuyala?" alimwambia bintiye kwenye simu. "Nataka wale wa ng'ambo wayaone."

Solomiya amekwishatia turubai la kuchorea kwenye fremu. Ameanza na majani ya matikiti.