Koti la Baba Pembeni mwa Picha

Nilikuwa nimelewa ile kamera, nisiseme uongo. Soko huria lilikuwa limekolea, kila kitu kinamwagika Kariakoo, ndipo mdogo wangu akaniletea kamera ndogo ya dijitali, ya kuingia mfukoni mwa gauni. Haina filamu, haina kungoja picha zisafishwe. Unabonyeza, unaona.

Na jicho lake lilikuwa pana, jamani! Kilosa tulizoea mpiga picha wa kukurudisha nyuma mpaka uangukie mtaroni, ili viatu vionekane. Hii nilisimama karibu kabisa na meza ya nyanya, na soko zima likaingia. Nikapiga masufuria, mbuzi wa jirani, watu wakishuka treni. Ubaya wake ni mmoja: aliyekaa pembeni kabisa mwa picha humvuta akapanuka. Muuza vitumbua wa mtaani kwetu alipojiona aliwaka. "Weee! Umenivimbisha! Futa!" Nikacheka, sikufuta.

Kisha baba akafa. Presha, asubuhi, chai yake bado mezani.

Dada yake wa pekee, shangazi yangu, alikuwa Mikumi, mguu kwenye plasta, na mvua zilikuwa zimekata barabara. Alinipigia simu analia kwa hasira. "Mimi nisipoona sikubali. Kaka yangu hawezi kufa mimi nimekaa tu hapa. Piga picha zote, uje unionyeshe." Hakuwa na lingine aliloomba. Kwetu ndugu asiyeona udongo ukiingia hatulii, kila siku atasikia hodi ya marehemu mlangoni.

Basi nikapiga. Jeneza, mchungaji, akina mama wakiimba. Mtani wa ukoo wetu naye alikuwepo, maana msiba bila mtani si msiba. Mtani huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye na kukohoa kama yeye, ili wafiwa wacheke kidogo. Huyu alivaa koti la baba la kahawia na kofia yake, akagombana na wachimba kaburi kwamba shimo ni dogo, yeye haingii humo. Tukacheka na makamasi yakitutoka. Mtani hanuniwi. Koti lilimpwaya vibaya, kwa kuwa baba alikuwa jitu la mabega, na mtani ni mkavu kama ukuni. Sikumpiga picha hata moja. Ndivyo nilivyodhani.

Barabara ilipopitika nikaenda Mikumi. Nikamkuta shangazi kitini, mguu juu ya stuli.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Leta."

Hata pole hakungoja. Nikakaa naye, nikawa nasogeza picha moja moja kwenye kile kioo kidogo. Jeneza. Akaguna. Mchungaji. Akaguna tena. Akina mama na mashada. Hapo akaninyang'anya kamera, akaisogeza puani.

"Huyu hapa!"

Nikachungulia. Haki ya Mungu! Pembeni kabisa mwa picha, nyuma ya akina mama, alisimama baba. Koti lake, kofia yake, mabega yake yamejaa koti. Anacheka, kando ya kaburi lake. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, moyo uliruka kwa furaha. Nilisahau kila kitu. Nilijua tu kwamba baba yangu yu hai na tumezika mtu mwingine.

Shangazi akapiga vigelegele.

Vigelegele, jamani, nyumba yenye msiba! Akina mama majirani wakaja mbio, wanauliza kuna nini. "Kaka yangu hajafa! Hawa watoto wamezika nani?" Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka. Akaanza kujiinua na plasta yake. "Nipeleke Kilosa leo hii!"

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Akili ilinirudia, nikatamani isirudi.

"Shangazi, ni mtani."

"Mtani gani? Yule fito mimi simjui? Tazama mabega haya! Mabega ya nani haya, kama si ya kaka yangu?"

Maneno hakuyasikia. Nikamwonyesha pa kubonyeza, nikamrudishia kamera mikononi, nikaenda kusimama karibu na mlango, pembeni kabisa mwa macho yake. "Nipige, shangazi. Usiigeuze kamera, itazame dirisha." Akapiga.

Akatazama picha. Nilikuwemo, nimevimba upande mmoja, bega langu kama la mbeba magunia. Akanitazama mimi, na wembamba wangu. Akarudi kwenye picha. Jirani mmoja alitaka kucheka, mwenzake akamfinya.

"Kwa hiyo hili ni koti tu."

"Ni koti tu, shangazi."

"Na kaka yangu wewe ulimwona? Kwa macho yako?"

"Nilimfumba macho mimi mwenyewe."

Aliweka kamera juu ya stuli, akajivuta kutoka kitini polepole, plasta ikikwaruza saruji, akakaa chini sakafuni na kujitanda kanga. Wale akina mama waliokuja kwa vigelegele wakavua ndala zao mlangoni, wakaingia, wakakaa chini pamoja naye.