Aliniomba Msamaha kwa Maneno Yangu

Mwaka wa tisini na sita, wanawake wa mtaa wetu wa Baba Dogo, Nairobi, walinionea wivu sana. Mume wangu alikuwa ameniomba msamaha kwa wimbo, na wimbo ukashika nchi nzima.

Kitu kimoja tu hawakujua. Ule wimbo niliuandika mimi.

Ndiyo. Mimi Nasambu, niliyekosewa, niliandika msamaha wa kuombwa mwenyewe. Wacha niwaeleze, na msinikatize.

Masinde alikuwa na sauti, hilo sitamnyima. Akishika gita, hata mama mboga anasahau kukurudishia chenji. Lakini maneno? Wapi! Maneno yalimkataa kabisa.

Mimi nilikuwa natungia kwaya ya kanisa tangu nikiwa msichana, kwa hivyo tulipooana nikaanza kumtungia yeye. Napika huku natunga, naye amekaa kitandani anatafuta sauti ya kuanzia. Siku hizo nilikuwa na furaha, msidhani nilishikiwa bunduki. Kaseti zikatoka na jina lake peke yake. Sikujali. Mume wangu, jina lake, shida iko wapi?

Shida ilikuja na umaarufu. Masinde akaanza kupiga keroro, na akilewa mkono unakuwa mwepesi.

Jumapili moja nimetoka kanisani, alinipiga mbele ya Kweyu, mtoto wetu, mpaka Mirriam wa mlango wa pili akaja kunitoa. Nikalala kwake.

Kesho yake mume wangu akaja, gita begani. Moyo ukalainika. Nikajua sasa ananiomba msamaha.

"Mama Kweyu," akasema, "studio ni Ijumaa na sina wimbo. Niandikie vile ungetaka nikuambie."

Chekeni tu.

Nilikaa kwa stuli ya Mirriam, jicho limefura, nikaandika kila neno nililokuwa nangoja litoke mdomoni mwake. Jina langu pia nikaliweka ndani. Nilifikiri akiyaimba yale maneno, yatamwingia.

Hayakumwingia. Yaliingia Kenya nzima.

Kila mchana kwenye kipindi cha salamu cha redio, watu walikuwa wanaomba "Nirudie Nasambu". Watoto wa ploti, zile nyumba tulizopanga, walinifuata mpaka mlango wa choo wakiimba jina langu. Pasta alituambia sisi wake za watu tujifunze kusamehe, akanionyesha kwa kidole, na kanisa likapiga makofi. Na Masinde aliendelea kunipiga vilevile. Kuna siku alinipiga huo wimbo ukicheza redioni.

Nikatoroka na Kweyu mpaka ocha, nyumbani kwetu Kimilili.

Baba yangu, Mzee Nabiswa, hakuuliza alama za shingoni zimetoka wapi. Aliuliza kama ninajua nina bahati. "Mwanamume amelia mbele ya nchi nzima," akaniambia. "Unataka akufanyie nini tena?"

Nikamwambia, baba, yale maneno ni yangu. Akaniangalia kwa huruma, vile unaangalia mgonjwa wa malaria akiongea ovyo. Asubuhi akanipandisha basi la kurudi Nairobi. Ng'ombe wa mahari yangu alikuwa ameshawatumia kumwozea kaka yangu, na hakutaka kusikia habari ya kuwarudisha.

Ndani ya hilo basi ndipo nilielewa. Nilikuwa nimejifungia, tena kwa mkono wangu. Kila mlango nitakaobisha, wimbo umefika kabla yangu. Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka nikaacha kuimba hata kanisani.

Halafu Masinde akaishiwa nyimbo tena.

Githinji, mwenye studio kule River Road, alikuwa anataka wimbo mpya, na Masinde alikuwa amemwambia uko tayari. Akanifungia ndani na kufuli kwa nje. Sitoki mpaka wimbo utoke, hivyo ndivyo alivyosema.

Nililia. Nikamaliza. Nikachukua kalamu.

Nilimwandikia wimbo wa mwanamume anayemwachilia mke wake. Anakiri kwamba amemtesa. Anamtaja mkwewe, Mzee Nabiswa, anamwambia mpokee binti yako na mjukuu wako, ng'ombe kaa nao, mimi sitamfuata.

Masinde akausoma mpaka mwisho.

"Huu utaliza watu," akasema. Basi, hakuna zaidi. Alikuwa anatafuta mahali pa gita kuingilia. Maneno kwake yalikuwa kama unga wa ugali, mradi kuna mtu wa kuyaleta nyumbani.

Nilingoja mpaka nikasikia watoto wa ploti wanauimba. Nikamwachia Mirriam sufuria zangu, nikamshika Kweyu mkono, tukaenda.

Nilimkuta baba langoni. Majirani waliousikia wimbo redioni walikuwa wameanza kuja kumpa pole. Alinipokea mkoba na hakuniuliza chochote.

Baadaye Masinde akaja, suti mpya, ameandamana na mjomba wake. Anataka mke wake. Baba akawakaribisha viti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Si ulisema nimpokee?" baba akamuuliza. "Nimempokea."

"Mzee, ule ni wimbo tu."

"Na ule wa kwanza ulikuwa nini?"

Mjomba mtu akaanza kuangalia viatu vyake.

"Ama si wewe uliyeuandika?" baba akauliza tena.

Masinde akanigeukia. Nilimwona kabisa anavyopiga hesabu. Akisema ukweli, kwamba niliandika mimi, basi hakuniachilia na ana haki ya kunidai. Lakini akiusema, yeye si mtunzi tena, mbele ya mjomba wake na kijiji kizima kilichosimama nje ya ua. Neno moja tu lingenirudisha kwenye lile kufuli.

"Niliandika mimi," akasema.

Baba akaomba chai iletwe, wageni wanywe waende.

Mpaka leo kwenye harusi wanaucheza ule wa kwanza, na kina mama wanafuta machozi. Mimi hula pilau yangu tu. Lakini niwaombe kitu, nyinyi mnaopenda kupiga makofi. Mkisikia mtu anaomba radhi kwa sauti tamu, kabla ya kushangilia, mtafuteni huyo anayeombwa. Mwangalieni uso kwanza.