Papai Bichi la Bi Rehema

Krrrr! Hata leo mtu akiburuta kiti cha chuma sakafuni, mimi huruka. Ndiyo sauti ya panga likiburutwa kwenye lami, na wenzangu wa Kisauni mnaijua. Wale vijana wa magenge ya mapanga walipoingia mtaani kwetu hawakupiga kelele. Waliburuta mapanga tu, mchana kweupe, na milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine.

Siku hiyo kaka yangu Bakari alikuwa katoka dukani na mkate. Walitaka simu yake, akakaza mkono. Panga likamshukia chini ya goti, likagonga mfupa. Nilikuwa dirishani. Niliuona mkate ukigeuka mwekundu, na nilimwona aliyempiga: Kassim, mtoto wa jirani yetu Bi Rehema, yule yule aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Tangu hapo Kassim hakulala tena kwao.

Kaka alishonwa hospitalini, lakini nyuzi zilipotoka jeraha likafumuka, likawa donda ndugu. Miezi ikapita. Nyumba nzima ilinuka. Nikawa nalala na kanga puani huku naota mimi ni daktari, koti jeupe na viatu vya kisigino (msinicheke). Muuguzi wa zahanati akamwambia Mama, "Nyama mfu ikikaa juu, chini hakuponi. Likune papai bichi, umfunge kwa kitambaa kilichochemshwa. Utomvu wake hula nyama iliyokufa, nzima huiacha. Na vidonge asiache."

Kaka aliposikia, akacheka. "Papai si la kulainishia mishkaki? Basi nitieni na tangawizi kabisa!"

Alicheka siku moja tu. Kumfungua kitambaa kulikuwa vita. Mimi niliukalia mguu mzima, Mama akaushika mbovu, naye akaupiga ukuta ngumi mpaka chokaa ikamwagika.

"Nikisimama," alisema, meno yameumana, "nikisimama tu, Kassim namkata kichwa."

Na hakuwa akitania. Panga lilikuwa chini ya kitanda, akilinoa vivyo hivyo amelala. Mama alimtibu akijua. Kila nyama nyekundu ilipoota kidondani, watu walimpongeza, naye uso ukazidi kumsawijika.

Mapapai yenyewe yalitoka kwa Bi Rehema. Mpapai ulikuwa kwake peke yake mtaa ule. Aliyaleta mlango wa uani, na Mama akayapokea hapo hapo mlangoni. Mpaka siku Kaka alipojikongoja hadi uani, akamkuta. Alimpokonya papai akamtupia la uso. Likampasua mdomo. Utomvu mweupe na damu vikamchirizika juu ya buibui.

"Mwambie mwanao naja!"

Bi Rehema akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Dawa ni dawa, mwanangu. Mguu ukipona, utakwenda utakako."

Kesho yake akaja tena, mdomo umevimba, papai mkononi.

Basi mguu ukapona. Siku Kaka alipotoka na panga, Mama alijilaza kizingitini. "Nikanyage kwanza mimi!" Kaka akamruka. Lakini watu walikuwa wamemtangulia. Kassim alikuwa kakamatwa sokoni akiwa na mkoba wa mtu, na soko zima likamwangukia kwa mawe na nondo. Kaka alifika akakuta uso hautambulikani. Alirudi na panga safi, akatapika uani, akakaa chini akalia kama mtoto, kovu kalishika kwa mikono miwili.

Wakati ule, wallahi, nilidhani Bi Rehema alileta mapapai ili kutubembeleza. Ni juzijuzi tu, nami sasa mtu mzima, nilipokuwa nakuna papai la kutia kwenye nyama, ndipo mkono ukanisimama. Angetaka kumlinda mwanawe, angeuacha mguu ule uoze. Alijua ukipona utatembea kwenda wapi. Lakini jeraha lilitoka nyumbani kwake, na hakuweza kulitazama linaoza.

Siku ile Kassim alipouawa, matangani kwa Bi Rehema hakwenda mtu. "Mama wa mwizi," walisema, wakajifanya hawaoni mlango ule. Mama alikuwa kamshikilia Kaka, hawezi kumwacha. Nikajitanda ushungi, nikapita mbele ya baraza wote wakinitazama, nikaingia.

"Shikamoo, Bi Rehema."

Alikuwa ameketi jamvini peke yake. Desturi yetu mfiwa hapiki, jirani ndiye amletee, na hapakuwa hata na kikombe. Nikaenda jikoni, nikapanga makaa, nikayapepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka yakashika, nikateleka maji ya chai.