Alama Nilizoipa Ndege ya Kalemie

Baba alipokaribia kumaliza kazi katika kampuni ya shaba, tulianza kuiangalia nyumba yetu kama watu wanaoaga. Haikuwa yetu. Ilikuwa ya kambi, kama posho ya unga, na mtu akimaliza kazi huirudisha kwa kampuni pamoja na buti zake za mgodini. Kwa hiyo kila mfanyakazi mwenye akili alijitafutia kiwanja mapema. Baba alikuwa na chake katika mtaa wa Kampemba. Msingi ulikuwa umekwisha kujengwa, na matofali ya kuchoma yalipangwa pembeni, majani yakiota katikati yake. Ilibaki kungoja malipo ya mwisho ya kazi ili kuta zisimame kabla hatujatolewa kambini.

Ndipo rafiki yake mmoja alipomletea habari za aksiyo, yaani hisa. Kulikuwa na kampuni changa ya ndege iliyoruka kutoka Luano, uwanja wa mji wetu, hadi Kalemie, kule ziwani, kwa nauli ambayo hata mama muuza samaki aliimudu. Kampuni hiyo ilitaka kukua, na ilikuwa ikiwauzia raia wa kawaida sehemu zake. Mwenye sehemu angepata fungu la faida kila mwaka. Baba aliwaza hivi: malipo yake yakikaa kwanza katika ndege, baada ya mwaka mmoja angejenga vyumba vyote vinne vya msingi ule badala ya viwili. Kambini walikuwa wakimruhusu mtu kukaa miezi kadhaa baada ya kazi kwisha, na yeye aliamini kwamba akiomba wangemwongezea.

Aliniita mimi. Niliacha shule katika mwaka wa nne wa sekondari, baada ya homa kunilaza muhula mzima, maana niliona haya kurudi darasani nyuma ya wenzangu. Tangu hapo nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu cha biashara cha Kifaransa kisicho na jalada, na kwa magazeti ya zamani ya ndege niliyoyaokota sokoni. Nilijua aksiyo ni nini kwa sababu nilikuwa nimeinakili sura ile mara tatu. Mara mbili za kwanza nilichana karatasi, kwa sababu ya doa la wino. Ndivyo nilivyokuwa, na sijapona. Ukurasa wenye kosa moja hunikosesha usingizi.

"Weye njo unajua makaratasi," baba aliniambia. "Panda ile ndeke, uangalie kama ni kitu ya kweli. Ukirudia utaniambia: nyumba mbele, ao aksiyo mbele."

Neno lile la mwisho lilinitia hofu na kiburi kwa pamoja. Nilijiandaa kwa wiki mbili. Katika gazeti moja nilikuwa nimesoma kwamba abiria humrudia anayemkalisha vizuri, nikaamua kwamba hilo ndilo la kupima. Nilichora jedwali kwa wino wa rangi mbili: nafasi ya magoti, mgongo wa kiti, joto, kelele, maji ya kunywa, choo, adabu ya wahudumu. Kila safu alama kumi. Mama alikuwa anakwenda Kalemie kumwona dada yake, basi tukasafiri pamoja.

Ndani ya ndege viti havikufanana. Vingine vilikuwa vyekundu, vingine vya kijani, kana kwamba vilitoka katika ndege tatu tofauti. Mkanda wangu ulifungwa kwa kamba ya katani. Mlango wa choo haukufunguka, kwa kuwa ndani mlijaa magunia. Nilitoa futi ya fundi cherehani nikaanza kupima kutoka goti langu hadi kiti cha mbele. Akina mama wafanyabiashara waliokaa nyuma yetu hawakuninyamazia.

"We kijana, unapima nini? Unashonea ndeke suruali?"

"Anatupimia masanduku ya kufa!" mwingine alidakia. "Mama, umukataze mutoto yako, atatuletea mikosi!"

Mama alicheka pamoja nao. "Mumuache. Iko anafanya kazi ya papa yake."

Niliona haya, lakini sikuacha. Ndege ilipopaa niliiona Lubumbashi yote chini, rundo jeusi la takataka za mgodi na bomba refu la moshi, nikashindwa kupima chochote kwa dakika nyingi. Kisha mhudumu akapita na biskuti na kikombe cha maji. Ninakiri hapa kwamba niliandika saba kwenye magoti, ingawa magoti yangu yaligusa chuma, na nane kwenye adabu kwa sababu ya biskuti ile. Sikuwahi kuruka kabla ya siku hiyo. Nilikwenda kama mkaguzi, lakini furaha ilikuwa imeishika kalamu.

Siku ya kurudi, ndege haikuja. Tulikaa uwanjani Kalemie tangu asubuhi, na jioni tukarudi kwa mama mdogo. Kesho yake ikawa vilevile. Akina mama walitandika vitenge juu ya magunia ya ndakala, dagaa wa ziwani, na kujilaza kama watu waliokwisha kuzoea. Mimi nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi! Nilikuwa nimepata muda wa kuiandika ripoti katika nakala safi. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta na rula yangu, nikachora mistari, nikapanga alama, na mwisho nikaandika kwa herufi kubwa kwamba mtu anakaa vizuri kuliko kwenye treni, na kwamba kwa hiyo abiria wataongezeka. Hakuna herufi hata moja iliyopinda.

Mama alikuja kukaa karibu nami. Alikuwa ametoka kuzungumza na wale akina mama.

"Banasema iko ndeke moja tu," alisema. "Ile tulipanda, ni ile ile. Ikiharibika banangoja chuma itoke Ulaya. Mwezi ilipita balingoja siku tisa. Samaki ya yule mama ilioza yote. Sasa balianza kurudilia treni."

"Ile si konfo, mama," nilimjibu. "Mimi ninapima konfo, namna mutu anakaa muzuri."

"Na kukaa hapa inje siku mbili, ni konfo?"

Nilipangusa rula yangu. Aliangalia karatasi zangu, ambazo hakuweza kuzisoma.

"Andika na ile," alisema. "Papa yako ajue."

Niliutazama ule ukurasa. Safu zilikuwa saba, zimejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Ili kuongeza ya nane ningelazimika kuchora upya kila kitu, na karatasi safi zilikuwa zimeniishia. Ningeweza kuandika pembeni, kwa mkono wa kawaida, mstari mmoja: ndege ni moja, inangojwa. Nilishika kalamu. Nikaona jinsi mstari ule utakavyochafua ukurasa, nikaifunga kalamu. Nilijiambia kwamba nitamweleza baba kwa mdomo.

Ndege ilikuja siku ya tatu. Nyumbani baba aliipokea ripoti kwa mikono miwili. Alisoma polepole, kidole kikipita chini ya kila mstari, akaniuliza maana ya maneno mawili ya Kifaransa, nikamweleza. Kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kuniambia maishani.

"Hata bakubwa ya kazi habaandikake hivi."

Baada ya sifa ile, sikuweza kufungua kinywa. Ningekuwa nasema kwamba kazi niliyosifiwa ina tundu. Niliahirisha hadi kesho, na kesho nikaahirisha tena, na ndani ya wiki hiyo baba alipeleka malipo yake mjini, akarudi na karatasi yenye muhuri.

Kwa muda fulani ndege ilikuwa ikipita juu ya kambi. Kila ilipopita, baba aliacha chakula akatoka nje, mkono juu ya macho. "Ile njo yetu," aliwaambia majirani, nao walimtania wakimwita Sitwayen Rubani, yaani Mwananchi Rubani. Kisha ikapita wiki bila mlio. Ikapita nyingine. Alikwenda ofisini kwao, nami nikamfuata. Karani alikuwa peke yake kwenye chumba kilichokwisha kutolewa viti.

"Sitwayen, tunangoja piesi, chuma ya mashine," alisema. "Ikifika tu, inaruka."

"Inatoka wapi?" baba aliuliza.

"Ulaya."

Mara ya tatu tulipokwenda, hata karani hakuwapo.

Kambini hawakumwongezea muda. Familia iliyopewa nyumba yetu ilileta kitanda na kukisimamisha kwenye ukuta wa nje, wakangoja kwa heshima tumalize kutoa vitu vyetu. Tukahamia Kampemba. Kwa nguvu zetu wenyewe tulikuwa tumesimamisha chumba kimoja juu ya ule msingi wa vyumba vinne, tukakiezeka mabati yaliyotumika, na mawe juu ili upepo usiyachukue. Sehemu nyingine ya msingi ilibaki wazi, ikionyesha mahali ambapo vyumba vingekuwa.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana mmoja tukiwa ndani wote watatu. Maji yaliingia chini ya mlango. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ameinua miguu kidogo. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonishinda. Nikamwambia. Nilimweleza uwanja wa Kalemie, ndege moja, siku tisa, samaki waliooza, na jinsi nilivyofunga kalamu kwa sababu ya ukurasa kuwa safi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Mama yako aliniambia yote, ile siku mulifika."

Sikuelewa. Nikamuuliza kwa nini basi alikwenda mjini na pesa.

"Nilimujibu: kama ingekuwa kweli, mutoto angeiandika."

Mama alikuwa ameinama kati yetu, akiyasukuma maji nje kwa ufagio. Alisikia kila neno. Hakusimama.

"Musogeze miguu," alisema.