Nilimpima Mzee Athumani Nikiwa Mlangoni

Jamani, leo nusura nimuue mtu kwa mazoezi.

Mzee Athumani, fundi cherehani wa mtaa wetu wa Ng'ambo hapa Tabora, mwili umemzidi. Akaniomba nimkimbize kama tulivyokimbizwa sisi jeshini kabla ya kwenda vitani Burma.

Nimefika kwake asubuhi, nikasimama mlangoni, nikamhoji kwanza. Mimi sikurupuki.

"Shikamoo, mzee. Kifua je?"

"Marahaba. Kizuri."

"Magoti?"

"Salama."

"Moyo?"

"Alhamdulillahi."

Basi tukaanza kukimbia kuelekea stesheni.

Hatujafika hata sokoni, mzee kashika ukuta. Jasho linamtiririka, mkono uko kifuani. Nikamketisha kivulini, na nadhani moyo wangu ulidunda kuliko wake.

Alipopata pumzi nikafoka, "Mzee, si ulisema kifua kizuri?"

"Ulikuwa umesimama mlangoni, mwanangu. Mtu hajakaa, hajanywa hata kahawa, naanzaje kumtupia maradhi yangu?"

Na mimi ni mtoto wa hapa hapa Tabora, adabu hiyo nimelelewa nayo!

Tukarudi kwake polepole. Nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikanywa kahawa. Ndipo nikamuuliza tena habari za kifua.

"Kizuri," akasema.

Safari hii sikuinuka; nikaomba kikombe cha pili.

Akazungusha kikombe mkononi. "Usiku nakosa pumzi. Hata mke wangu hajui."

Kesho nampeleka kwa daktari.

Hebu niambieni: mzee wa kwenu, mara ya mwisho ulimuuliza hali ukiwa umekaa, au umesimama kama mimi?