Meno Begani mwa Shangazi

Juzi, kwenye vitabu vikuukuu vya soko la Darajani, niliona hadithi ya maiti anyonyaye damu. Dada alinisomea hadithi hiyo utotoni, siku niliyoona alama za meno begani mwa shangazi.

Mchana ule mume wa shangazi alilala, chumba kikinuka udi na samaki wa kukaanga. Kama kwenye hadithi, nikamchoma kifuani kwa kijiti cha mshikaki. Akaruka, akanikaba koo. Shangazi akatoka jikoni na mchi, akamtwanga mkono hadi mfupa ukalia.

"Muache mtoto! Mimi nshazoea, yeye hajazoea!"

"Shangazi, mchome moyo! Hafi hivyo!" nililia.

"Huyu si maiti, mwanangu. Ni mume wangu."

Nilidhani ananificha ukweli. Akavaa buibui, akanishika mkono, tukatoka. Hakurudi tena nyumba ile.