Kibao Kilichoinama Kushoto

Mimi ni fundi seremala, mwanamke, na hasira zangu ziko karibu. Nalisema hilo mapema asije mtu akadhani najisafisha. Karakana yangu iko uani kwangu mjini, Kihonda, chini ya bati nne, na kitu kikitoka pale kimenyooka. Weka bilauri ya maji juu ya meza yangu uone kama maji yataegemea upande. Kitu kimoja tu nimewahi kukipindisha kwa makusudi, nacho nilimtengenezea mama yangu mzazi.

Mama alianguka njiani, juu milimani Uluguru, akitoka shambani na tenga la karoti kichwani. Kiharusi. Waliomkuta ni watu waliokuwa wanateremsha kabichi sokoni. Wakatua mizigo yao, wakafunga khanga kwenye miti miwili, wakambeba hadi pale barabara ya gari inapokomea. Mimi nilikuwa nimeshapigiwa simu, nimefika na bajaji, nasubiri. Nilimwona anakuja amelazwa, mdomo umeenda upande, mkono unaning'inia, na watu wazima wanne wanahema. Nikajiapia palepale kwamba huyu mama harudi tena huko juu. Sikumwambia mtu.

Alikaa hospitali, kisha nikamleta kwangu. Mdomo ukarudi mahali pake, na maneno yakarudi, tena kwa wingi. Uliobaki mzito ni mguu wa kushoto. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alimwelekeza asimame ashike ukuta, auhamishie uzito mguu wa kulia, halafu wa kushoto, mara ishirini asubuhi na ishirini jioni. Mama alifanya siku tatu. Ya nne akagoma.

"Mimi si askari wa kupigishwa kwata na ukuta," alisema.

"Mama, mguu utakufa huo!"

"Basi nipe sababu ya kuusogeza. Nyumbani nausogeza kwa sababu natoka hapa naenda pale. Hapa naenda wapi? Kwenye kalenda ya ukutani?"

Nilitoka nje nimefura. Nikapigapiga mbao bila kazi yoyote. Lakini lile neno lilikuwa limeshaniingia, na mchana wake nikaokota kipande cha mtiki kilichobaki kwenye kabati la mteja, nikaanza kuchora.

Kibao cha kwanza nilikiwekea kitako cha duara, kizunguke kila upande. Nikakipanda mwenyewe kukijaribu. Loo! Kilinitupa nikakaa chini kwa makalio mbele ya mteja aliyekuja kuulizia kitanda. Nikakichana kuni. Cha pili nikakiwekea miguu miwili ya upinde, kama ya kiti cha kubembea, ili kiende kushoto na kulia tu. Unasimama juu yake umetanua miguu, na mbele ya vidole vyako kuna mfereji mwembamba niliouchonga kwa patasi, unaokwenda kushoto, unapiga kona, unarudi kulia, unapiga kona, hivyohivyo hadi kwenye kishimo cha mwisho. Ndani ya mfereji kuna gololi. Ukiukandamiza mguu wa kushoto, gololi inakwenda kushoto. Ukiukandamiza wa kulia, inarudi. Ukikandamiza kwa pupa, inaruka kona na kutoka nje, unaanza upya.

Mama alikitazama muda mrefu. Halafu akaweka kidole kwenye kona ya kwanza.

"Huu ni mto," alisema. Akasogeza kidole. "Hili daraja la magogo. Hapa jiwe la kupumzikia. Hapa msalaba wa misheni. Migomba. Na hapa nyumbani." Akaniangalia. "Umesahau chemchemi."

"Mama, mimi nimechonga kona tu. Sijachora njia."

"Umechora njia ya kwetu, ila umesahau chemchemi. Siku zote unasahau ulikokunywa maji."

Nikaongeza kona. Zikawa sita, na kishimo cha mwisho kikawa nyumbani. Kuanzia siku hiyo sikumwambia tena habari za mazoezi. Alikuwa anaamka, anasali, anakunywa uji, anapanda kibao karibu na ukuta wa sebule, na mkeka nimeutandika chini. Gololi ikiruka, anatukana kwa Kiluguru, maneno ambayo siyaandiki. Kila mara iliruka kushoto. Mguu ule mgonjwa haukujua kukandamiza taratibu. Ulikuwa ama umelala, ama unashuka kwa kishindo.

Ndipo mjomba akapiga simu. Kwetu Waluguru shamba linapita kwa mama. Lile shamba mama alipewa na mama yake, na baada yake ni langu, lakini ni la ukoo, na ukoo haupendi kuliona limelala. Mjomba alisema kwa upole kwamba majani yameshafika kiunoni, na mvua zikianza bila mtu, watampa mwingine alime. Mama akamjibu vizuri, akawasalimia watoto wake, akakata simu. Kisha akanigeukia.

"Nipeleke."

"Utapanda kwa mguu gani?" nilifoka. "Huo? Huo unaoshindwa na gololi?"

Alikaa anaangalia mikono yake, na mimi nikatamani kuyarudisha yale maneno nisiweze. Nikafanya ninachofanya nikiwa nimekosea: nikaongeza kosa lingine.

"Haya. Ukiifikisha gololi nyumbani mara tatu mfululizo bila kushika ukuta, kesho yake nakupeleka. Haki ya Mungu."

"Umeapa," alisema mama.

Niliapa kwa sababu nilijua hawezi.

Sasa nikajionea mwenyewe. Aliacha kutukana. Akaacha na stori za asubuhi. Nikiwa karakana nasikia gololi inatembea, kru kru kru, inanyamaza, inaanza tena, na randa yangu inasimama yenyewe mkononi. Wiki ya kwanza alifika kwenye jiwe. Ya pili akafika kwenye migomba, kiganja kimoja ukutani. Baadaye kile kiganja kikatoka. Siku gololi ilipotumbukia nyumbani kwa mara ya kwanza alipiga kigelegele peke yake, jirani akaja mbio kuuliza kuna nini. Mimi nilicheka naye kwa mdomo tu. Nilikuwa naona ile njia. Nilikuwa naona khanga iliyofungwa kwenye miti miwili.

Ijumaa aliifikisha mara mbili mfululizo. Ya tatu ikamtoka kwenye chemchemi, nyumba iko palepale. Mama akashuka, anatetemeka, anatabasamu.

"Kesho," alisema.

Jumamosi asubuhi jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumba ya tatu kutoka kwetu. Jirani akamchukua mama kwa mkono, taratibu. Nikawaangalia wakikata kona. Nikaingia ndani, nikakichukua kibao, nikakigeuza juu ya meza ya karakana, nikapitisha randa kwenye miguu ya upinde, upande wa kushoto. Mara tatu. Kutoka kule kwa jirani nilikuwa nasikia wanaimba, na sauti ya mama naijua hata ikiwa kati ya watu mia. Nikakirudisha chini, nikaweka pima maji. Kile kipovu kikakimbilia kulia. Kibao kilikuwa kimelala kushoto, upande wa mguu mgonjwa, kiasi cha kutosha kumtia mtu hofu ashike ukuta. Nikafagia maranda, nikayafukia kwenye gunia.

Nilijiambia: akianguka hapa kuna mkeka, na mimi nipo. Akianguka kule kuna bonde. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana.

Mama alirudi, akavua kitambaa cha kichwa, akapanda. Kibao kikamshusha kushoto. Akashtuka, akashika ukuta. Nikamwona anakitazama kibao, halafu ananitazama mimi. Nikajifanya nachagua misumari.

Mara ya kwanza gololi iliruka kwenye mto kabla hata hajaanza. Mara ya pili ikaruka hapohapo. Nikaona aibu, na nikafurahi, yote mawili kwa pamoja, na sikujua nifanye nini na uso wangu.

"Mama, pumzika. Tutajaribu wiki ijayo."

"Nyamaza wewe."

Akavua kandambili. Akasimama pekupeku, akavikunja vidole vikashika mbao. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya juu ya kile kibao. Mguu wa kushoto, ule mgonjwa, akaunyoosha kabisa, ukasimama kama nguzo. Goti la kulia akalikunja. Kiuno akakisogeza kidogo kuelekea kulia. Nikaujua ule mkao. Nimebebwa mgongoni katika mkao ule. Ndivyo anavyosimama mtu akilima kwetu mlimani, mguu mmoja chini na mmoja juu, kutwa nzima, miaka yote.

Akaanza kuiendesha gololi kwa goti la kulia peke yake. Akilinyoosha kidogo, gololi inakuja kulia. Akililegeza, inarudi kushoto polepole. Ule mguu wa kushoto haukufanya kitu zaidi ya kusimama. Mto. Daraja. Jiwe. Nyumbani. Akaitoa gololi kwa kidole cha mguu, akairudisha mwanzo. Mto, daraja, jiwe, msalaba, migomba, chemchemi, nyumbani. Mara mbili.

Ya tatu niliomba ishindwe. Nayaandika kama yalivyokuwa: nilimwomba Mungu amwangushe mama yangu, mama ametoka kumwomba Mungu huyohuyo dakika chache zilizopita. Gololi ilisita kwenye migomba. Mama akasita nayo, jasho linamtiririka kidevuni, mikono ameitanua hewani mbali na ukuta. Ikapita. Kwenye chemchemi ikapanda ukingo wa mfereji, nikaiona inataka kutoka, nikaushika mdomo. Ikateremka. Ikaingia nyumbani, tik.

Mama hakupiga kigelegele. Alishuka, akakaa juu ya mkeka, akajifuta uso.

"Leo kimekaa vizuri," alisema. "Siku zote kilikuwa kinanisumbua, kimelala kama sakafu."

Nilikuwa nimeapa. Jumapili tukasali misa ya kwanza, tukapanda bajaji hadi barabara inapokomea, tukaanza kutembea. Mtu mzima mwenye afya anatumia saa moja na nusu. Sisi tulianza jua likiwa bado pembeni, na hadi linatupiga utosini tulikuwa tumefika kwenye jiwe tu. Nilimshika kiwiko. Kila akiinua mguu nilikuwa nainua wangu. Mawe madogo yaliporomoka bondeni, na mimi nikasikiliza hadi yalipofika chini.

"Niachie," alisema. "Unanivuta."

"Sikuachii."

"Niachie, mwanangu. Utaniangusha wewe."

Nikamwachia. Akavua viatu akanipa nivibebe. Akaunyoosha mguu wa kushoto upande wa bonde, akakunja goti la kulia upande wa mlima, akaenda. Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu wote. Njia ya kwetu inauzunguka mlima, na mtu akipanda, bonde liko kushoto mwanzo hadi mwisho. Nimezaliwa pale. Nimeipita njia ile maelfu ya mara kwenda shule. Lakini miaka ya Kihonda na pima maji ilikuwa imenisahaulisha, nikadhani nimemwekea mama mtego, kumbe nimemwekea njia ya kwao chini ya miguu.

Pale alipoangukia alisimama kidogo, akaonyesha kwa kidevu, "Ni hapa," akaendelea. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama hadi akaniita.

Tulifika alasiri. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja shambani, akasimama katikati ya majani, mguu mmoja chini, mwingine juu, akaanza kung'oa. Nikasimama karibu naye nikashindwa kutulia, nikawa nateleza.

"Goti la juu likunje," alisema bila kugeuka. "La chini lisimame."

Nikalikunja. Nikatulia. Tukang'oa, na nikaona siwezi kuibeba tena ile siri.

"Mama. Kile kibao, Jumamosi. Mimi ndiye niliyekipinda. Nilitaka ushindwe."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Wewe ni fundi. Hukosei upande mmoja." Akatupa konzi ya majani pembeni. "Tena ulifagia karakana. Wewe hufagii karakana Jumamosi asubuhi."

Nililia, sioni haya kusema. Aliniacha nilie hadi nikamaliza. Halafu akaonyesha njia tuliyojia, ile inayoteremka.

"Kushuka ni shughuli nyingine. Ukishuka, bonde liko kulia. Mguu mbovu unakuwa juu, na goti lake halikunji. Mimi kushuka siwezi."

"Ulijua hilo kabla hatujaondoka?"

"Nilijua toka nilipokuwa juu ya kibao."

Upepo ulikuwa umeanza kuwa wa baridi, na kutoka misheni ilisikika kengele.

"Ukirudi kwako nitengenezee kingine," alisema. "Hicho kiinamie kulia. Ila usikiharakishe, una kazi za watu."

Nilimwacha kesho yake asubuhi na binti wa mjomba, atakayekaa naye. Niliteremka peke yangu, bonde likiwa kulia, nikizihesabu kona nitakazokwenda kuzichonga. Nilipofika kwenye chemchemi nilitua mkoba, nikainama, nikanywa maji.